Magoti ya Mama yetu na ile "dawa ya India"



Katika mkutano wa juma lililopita, Mama yetu aliporudi kuketi kati yenu baada ya kukosa miezi minne, wengi walimzunguka wakamwuliza jambo moja tu: "Ile dawa ya Wahindi ya magoti inauzwa wapi?" Mama alicheka. Sisi binti zake hatukucheka. Tumeona ni vizuri tuandike habari yote hapa, tangu mwanzo mpaka mwisho, ili kila mmoja aisome nyumbani kwa utulivu, na amsomee pia mama mzee asiyejua kusoma.

Sisi tuko watatu. Mkubwa wetu anauza vitenge sokoni Kadutu, mahali palepale Mama alipouza kabla yake. Wa katikati anafundisha biolojia na kemia kwenye shule ya sekondari tangu alipomaliza ISP. Mdogo anashona nguo nyumbani. Wa katikati ndiye anayeshika kalamu, lakini maneno haya ni yetu sote, na kosa tutakaloeleza ni letu sote.

Anayeishi Bukavu anajua kwamba huku kwetu hakuna njia tambarare. Ukitoka nyumbani unashuka, ukirudi unapanda. Mama alipanda na kushuka hivyo miaka thelathini, mzigo wa vitenge mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na mara nyingi mtoto mmoja wetu kifuani. Alipofika miaka sitini na mbili magoti yalianza kudai malipo. Asubuhi yalikuwa magumu, jioni yalikuwa yamevimba, na usiku tulimsikia akigeuka kitandani na kuita jina la Mungu kwa sauti ndogo ili tusiamke.

Tulifanya kama watu wote wanavyofanya. Tulinunua vidonge vya ibuprofeni kwa farmasi ya mtaa, mara vitano, mara kumi, bila karatasi ya daktari. Maumivu yalipungua, lakini tumbo likaanza kumchoma. Tukaacha. Tukamfunga majani ya moto. Tukamkanda. Goti lilipoa kidogo, kisha likarudi vilevile.

Siku moja mdogo wetu alirudi kutoka ibada na habari njema. Nje ya mlango wa kanisa kulikuwa na bwana mmoja aliyevaa koti jeupe, mwenye kipaza sauti na picha kubwa ya mtu aliyekaa miguu imekunjwa. Alikuwa anauza unga wa rangi ya udongo katika vifuko vya plastiki. Alisema ni Ayurveda, dawa ya India yenye miaka elfu tano, mimea mitupu, haina kemikali, haina madhara. Inaondoa uvimbe wa viungo, mgongo, tumbo, hata uchovu. Kifuko kimoja cha majuma mawili kilikuwa dola tano.

Tulichanga tukanunua. Na hapa inabidi tuseme ukweli wote: dawa ilifanya kazi. Siku ya tatu Mama aliamka kabla yetu, akateka maji, akafagia uwanja. Jumapili alisimama na kwaya muda wote wa nyimbo. Tulilia kwa furaha. Tulimshukuru Mungu mbele ya watu, na tukawaelekeza wamama wawili wa chama hiki kwa yule bwana. Hatutawataja, wao wenyewe wanajijua, na wametusamehe.

Mwezi wa pili Mama alianza kunenepa. Uso wake ukawa wa duara kama mwezi, mashavu yakajaa, tumbo likatoka mbele. Alikula sana. Usiku hakulala, alikaa akipanga vyombo. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba, akigusa ukingo wa meza tu anapata alama nyeusi. Lakini ninyi mnajua mazungumzo ya kwetu. Jirani walikuwa wakisema, "Mama yenu amerudishiwa afya, tazameni anavyong'aa." Nasi tuliitikia, "Ndiyo, ni dawa." Mwalimu wa biolojia alikuwa ameketi palepale, akinywa chai, akiitikia pamoja na wengine.

Mwezi wa tatu yule bwana hakuonekana tena. Tuliuliza kwa makanisa mengine, tukauliza kwenye maegesho ya taksi, hakuna aliyejua alikotoka wala alikokwenda. Unga wa mwisho uliisha siku ya Alhamisi. Jumamosi Mama alisema mwili wote hauna nguvu. Jumapili alitapika kila alichokunywa. Jumatatu asubuhi tulimkuta ameshindwa kukaa, midomo mikavu, mikono ya baridi, akituita kwa majina yasiyo yetu. Vijana wawili wa avenyu walimbeba mpaka barabarani, mdogo wetu akiwa nyuma yao na viatu vya Mama mkononi.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko sisi. Alipima tansio, ilikuwa chini kabisa. Aliangalia uso wa Mama, akaangalia ngozi ya mikono, akatuuliza: "Mama huyu alikuwa anakunywa dawa gani?" Tulijibu, "Hakuna." Akauliza mara ya pili, polepole. Tukasema, "Hakuna dawa, daktari. Ni mimea tu." Tulimwambia hivyo kwa sababu tuliamini, na pia kwa sababu tuliogopa kugombezwa. Mara ya tatu alimgeukia mdogo wetu peke yake, na ndiye aliyetoa kifuko kitupu kwenye mkoba wake.

Daktari hakuwa na mashine ya kupima ule unga. Lakini alisema mwili wa Mama ulikuwa umeandika jina la kitu kilichokuwa ndani yake. Uso wa mwezi, ngozi nyembamba, njaa, kukosa usingizi, kisha kuanguka mara dawa inapokatika: hizo ni alama za dawa za jamii ya kortizoni, kama deksametazoni na prednizoloni. Mtu huzisaga vidonge hivyo, huvichanganya na unga wa mimea, halafu hukuuzia kama mimea mitupu. Wengi wetu tunaijua deksa kwa jina, maana kuna dada zetu wanaimeza ili wanenepe. Basi Mama yetu aliimeza kila siku karibu miezi mitatu bila kujua.

Daktari alimwekea sindano ya hidrokortizoni na maji ya chumvi kwenye mshipa. Tulishangaa: mbona anampa tena kitu kilekile kilichomwumiza? Alitueleza kwa subira. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo ambazo kila siku hutengeneza kortizoni ya mwili wenyewe. Bila hiyo hakuna nguvu, tansio inashuka, mtu anaweza kufa. Ukimeza kortizoni ya nje kwa muda mrefu, tezi hizo hulala, kwa kuwa kazi yao inafanywa na mwingine. Ukiikata ghafla, tezi bado zimelala, na mwili unabaki mikono mitupu. Ndiyo sababu dawa hiyo huachwa kidogo kidogo, kwa majuma au miezi, chini ya jicho la daktari.

Usiku huo huo, tukiwa kwenye korido ya hospitali, tulikumbuka wale wamama wawili. Hatukulala. Asubuhi na mapema wawili wetu walikwenda kwao. Wa kwanza alikuwa amekwisha kuacha unga zamani kwa kukosa pesa, alikuwa amekunywa majuma mawili tu, na hakupata shida. Wa pili alikuwa bado ana vifuko viwili, na uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa duara. Tulipomwambia alikasirika, akachukua vifuko aende kuvitupa chooni. Tulimshika mkono: "Mama, usiache leo. Twende kwanza kwa daktari." Alikwenda. Naye alipewa vidonge vya kupunguza kidogo kidogo. Leo tezi zake zimeamka. Lakini tunajua kwamba kama tungechelewa siku tatu, tungemzika tukijiona sisi ndio tuliomwelekeza.

Sasa mtasema: basi mambo ya Wahindi ni uongo. Nasi tulisema hivyo, kwa hasira. Aliyetugeuza mawazo ni mama mmoja mzee wa Kihindi, mwenye duka la jumla ambako Mama alinunua vitenge miaka mingi. Aliposikia Mama amelazwa, alikuja na sahani iliyofunikwa kitambaa, akaketi kando ya kitanda. Tulipomsimulia, alishika kichwa.

"Dada," alimwambia Mama kwa Kiswahili chake cha dukani, "hiyo si dawa ya kwetu. Ya kwetu haimsimamishi mtu siku tatu. Ya kwetu ni ya polepole mpaka unachoka kungoja."

Mama alimjibu, "Madame, kungoja ndiko kulikonishinda."

Wakacheka wote wawili, na hapo ndipo tulipoona kwamba Mama atapona.

Jambo la siku tatu lilimsumbua mwalimu wetu, akalitafuta. Mwaka 1948 huko Marekani daktari Philip Hench na wenzake walimpa kortizoni mama mmoja mgonjwa wa viungo aliyekuwa hawezi hata kutoka kitandani, na baada ya siku chache alikuwa anatembea. Dunia nzima ilishangaa. Mwaka 1950 Hench alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Baadaye tu ndipo madhara ya kuitumia muda mrefu yalipoonekana wazi. Kwa hiyo mkiona dawa ya "mimea" inamwinua mzee kwa siku mbili tatu, msiimbe kwanza. Ulizeni ndani yake mna nini.

Tena tuliona aibu nyingine. Mwalimu wetu hufundisha uvimbe kila mwaka, ule ambao madaktari huuita enflamasio. Anawaandikia wanafunzi ubaoni zile alama nne alizoziandika Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Anawaeleza kwamba mishipa midogo ya damu inapanuka, maji yanatoka kwenda kwenye jeraha, askari weupe wa damu wanakimbilia mahali palipoumia. Anawaambia uvimbe wenyewe si adui, ni moto ambao mwili unauwasha ili ujitengeneze. Shida ni moto usiozimika. Yote hayo anayajua, anayasahihisha kwenye mitihani, na nyumbani kwake aliruhusu mtu asiyemjua aje na ndoo asiyoijua kuuzima.

Yule mama wa duka alitueleza wanavyofikiri kwao, na tuliyoyasoma baadaye yamekubaliana naye. Neno Ayurveda lina maana ya ujuzi wa maisha. Si kitu cha kifukoni, ni elimu iliyo katika vitabu vikubwa vya Kisanskriti. Viwili vinavyojulikana zaidi ni Charaka Samhita na Sushruta Samhita, na umri wake ni karibu miaka elfu mbili, si elfu tano kama alivyotangaza yule bwana. Hata hivyo, miaka elfu mbili si michache.

Katika kitabu cha Sushruta, ambacho kinaheshimiwa sana kwa mambo ya upasuaji, uvimbe unaitwa shotha, na jipu linapitia hatua tatu: bichi, linaloiva, na lililoiva. Mganga anaonywa asikate lililo bichi wala asichelewe lililoiva. Mama yeyote aliyewahi kutunza jipu la mtoto anaelewa maneno hayo bila mwalimu.

Baadaye, karibu na mwaka 700, mganga mwingine aitwaye Madhava aliandika juu ya ugonjwa wa viungo unaoitwa amavata. Wao husema ndani ya mtu mna moto wa kumeng'enya chakula, agni. Ukiwa dhaifu, chakula hakiivi vizuri tumboni, kinaacha uchafu unaonata uitwao ama, na uchafu huo unabebwa mpaka kwenye viungo. Biolojia ya leo haiuoni uchafu huo chini ya darubini, na mwalimu wetu hawezi kuufundisha darasani. Lakini angalieni matibabu yanayofuata: hatua ya kwanza si kumeza kitu, ni kupunguza chakula na kuupumzisha mwili. Halafu tangawizi. Halafu mafuta ya mbarika ya kusafisha tumbo, kwa kipimo cha mganga. Halafu joto juu ya kiungo. Kwa magoti yaliyochakaa kwa umri na mizigo kama ya Mama, wana jina lingine, sandhivata, na hapo mafuta ya ufuta ya kukanda ndiyo yanayotangulia.

"Kwetu goti linatibiwa kwanza kwenye sahani," alituambia yule mama wa duka. "Mtu anakula usiku wa manane, anakula ugali kama mlima, analala, halafu analaumu goti."

Tulipomwuliza kuhusu dawa za kununua, hakuzisifu zote. Na kweli, mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa intaneti, zilizotengenezwa India na Marekani, wakakuta karibu moja kwa kila tano ina risasi, zebaki au aseniki. Nyingine hutiwa makusudi, maana kuna tawi la Ayurveda linaloitwa rasashastra ambalo hutumia madini yaliyochomwa. Serikali ya India yenyewe ina wizara ya tiba za asili, AYUSH, tangu mwaka 2014, na ina vyuo vinavyofundisha waganga hao kwa miaka. Kwa hiyo mtu wa kipaza sauti asiye na jina wala anwani hawakilishi hata India.

Sasa tuwaeleze tunayoyafanya nyumbani, kwa kibali cha daktari wa Mama. Hakuna muujiza ndani yake.

Kwanza ni sahani. Mama anakula jioni kabla giza halijaingia. Tumepunguza ugali nusu, tumeongeza lengalenga, sombe isiyojaa mafuta, maharage na sambaza. Soda na sukari nyingi kwenye chai tumeziacha sote, ili asijione ameadhibiwa peke yake. Ule unene wa dawa umeondoka, na zaidi ya hapo amepungua kilo sita. Watafiti waliopima watu wazito wenye magoti mabovu waliona kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti uzito wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Hesabuni hatua za kupanda Kadutu.

Pili ni manjano, ambayo wengine huiita kurkuma. Tunanunua mizizi, si unga. Tunaichemsha, tunaikata, tunaianika, tunaitwanga wenyewe. Sababu ni hii: huko Bangladesh iligunduliwa kwamba baadhi ya wauzaji walitia rangi yenye risasi ili unga ung'ae. Nusu kijiko cha chai tunakikaanga kidogo kwenye mafuta pamoja na kitunguu, tangawizi iliyopondwa na pilipili manga, halafu tunatia maharage au samaki. Pilipili manga ina kazi yake. Kitu chenye nguvu ndani ya manjano, kurkumina, hakipiti kwa urahisi kutoka tumboni kwenda kwenye damu, nayo pilipili manga inakisaidia kupita. Mafuta pia yanasaidia.

Hapa tuseme kwa haki. Huko Thailand mwaka 2014 watafiti walitangaza matokeo ya wagonjwa 367 wa magoti: waliopewa dondoo la manjano walipata nafuu karibu sawa na waliopewa ibuprofeni, na maumivu ya tumbo kwao yalikuwa machache zaidi. Lakini lile lilikuwa dondoo zito kwenye vidonge. Unga wa jikoni una kurkumina kidogo, karibu gramu tatu kwa kila gramu mia. Basi mboga yenye manjano ni chakula kizuri, tusidanganyane kwamba ni sindano. Na mwenye mimba, mwenye mawe kwenye nyongo, au anayekunywa dawa ya kuzuia damu isigande, asiongeze manjano kupita ile ya mboga bila kumwuliza daktari.

Tatu ni mafuta. Kila jioni mmoja wetu anapasha moto kidogo mafuta ya ufuta ndani ya sahani iliyowekwa juu ya maji ya moto, anamkanda Mama juu na chini ya goti dakika kumi, kisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mwanzoni tulidhani ni kazi. Sasa wajukuu wanagombania zamu, maana ndipo Mama anapowasimulia habari za zamani. Hatumkandi siku goti likiwa jekundu na la moto.

Nne ni mazoezi, na haya tulifundishwa hospitalini. Mama anaketi kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja mbele, anahesabu mpaka kumi, anashusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikiwa na nguvu, goti linapumzika. Alikuwa akishika fimbo upande wa goti linalouma. Tulielezwa aishike mkono wa upande mwingine, na tofauti aliiona siku hiyohiyo.

Tano ni dawa ya daktari. Siku goti linapokaza sana, Mama ana dawa aliyoandikiwa, kwa kipimo, baada ya chakula. Hatuoni aibu. Manjano na kidonge vinaweza kukaa kwenye nyumba moja, ilimradi daktari anajua vyote viwili. Tangu siku ile hatumfichi kitu, hata chai ya majani.

Kabla ya kumaliza, wamama, kuna uvimbe ambao si wa kungojea jikoni. Goti au kiungo kimoja kikivimba ghafla, chekundu, cha moto, na mtu ana homa, ni hospitali siku hiyohiyo. Mtoto aliyeumwa koo, kisha baada ya majuma machache viungo vinavimba kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko, apelekwe haraka, kwa sababu ugonjwa huo hula moyo. Na mtoto mdogo anayevimba mikono na miguu yote akalia usiku kucha, msimsingizie jirani kwamba ni mchawi. Apimwe damu kama ana SS.

Yeyote mwenye unga wa aina ile nyumbani, au mzazi wake anautumia, tunamwomba mambo mawili. Asiutupe, na asiuache ghafla kama ameutumia zaidi ya majuma mawili au matatu. Auchukue mkononi, aende nao kwa daktari, aseme ukweli wote. Asiyekuwa na mtu wa kumsindikiza atuambie, mmoja wetu atakwenda naye.

Mtauliza magoti yakoje. Bado yanauma. Asubuhi Mama anakaa kitandani kidogo kabla ya kusimama, na siku za mvua hatoki. Lakini mwezi uliopita alitembea mwenyewe mpaka kanisani, akipumzika mara tatu njiani, mara moja kwenye ligablo la jirani, mara mbili juu ya jiwe. Zamani za unga alikwenda bila kupumzika. Tulipomwuliza ni lini alikuwa na furaha zaidi, alisema hivi: "Wakati ule miguu ilikuwa inanibeba nisikojua. Sasa mimi ndiye ninayeipeleka."

Juma lijalo tutaleta kwenye mkutano mizizi ya manjano iliyokaushwa, tuonyeshane namna ya kuitwanga. Anayependa aje na kinu chake.